Taa za Pembeni

Kama daktari amekuambia, "Lete ndugu zako wapimwe macho," nawe ukarudi nyumbani ukanyamaza kwa sababu unajua watakavyokujibu, basi vuta kiti tuongee. Mimi pia nilinyamaza. Kisha nilisema, nikatukanwa. Ndugu yangu Kariuki alikuwa anaendesha lori la mchele kutoka Wang'uru hadi Nanyuki kila wiki, na kwa karibu nusu mwaka nililala na kuamka nikijua kwamba huenda haoni kinachotokea kando ya barabara. Ugonjwa wenyewe ni glakoma. Sisi huku tunasema presha ya macho. Sitakueleza habari za mishipa, daktari wako atakuchorea kwenye karatasi. Mimi nitakueleza vile mtu anavyokaa ndani yake.

Naitwa Wangari. Nilizaliwa Tetu, nikaolewa Nyeri mjini, na wanaonijua watakuambia nina mdomo. Ni kweli, ninao, na utausikia.

Kwetu Tetu tulikuwa na jina baya: hatusalimii watu. Kule, ukipishana na mtu kwenye kijia cha majani chai usimjulie hali, umemtukana, na habari itafika kwenu kabla yako. Babu aliwapita wazee wenzake bila neno. Mama naye akawa vivyo hivyo. Alitolewa kwenye uongozi wa chama cha akina mama kwa sababu mwenyekiti alisimama kando yake sokoni, akamnyooshea mkono, na mama akaendelea kuchagua viazi. "Hao watu wanajiona," majirani walisema. Nilikua na aibu hiyo mpaka nikajifunza kusalimia hata mbwa. Mama alipopofuka kabisa, wengine walisema ni uzee na wengine wakasema ni madharau yamemrudia. Hakuna hata mmoja aliyesema ni ugonjwa unaokula macho ya mtu kuanzia pembeni, na kwamba uko katika damu yetu.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana ndiyo iliyoniumbua. Ofisi yetu iko mjini, ghorofa ya juu ya duka la vitambaa. Tunatengeneza masomo ya uhalisia pepe: unavaa miwani mikubwa inayofunika uso wote, na badala ya kuona kuta za ofisi unaona barabara, mlima, na usukani mbele yako. Somo letu kubwa lilikuwa la madereva wapya wa malori. Mwenzangu Muthoni huunda barabara yenyewe. Mimi kazi yangu ni kuamua nini kionekane wapi.

Na hapo ndipo palipokuwa na ufundi wangu. Ukimwekea dereva maandishi katikati ya macho, umemzibia njia. Kwa hivyo onyo unaliweka ukingoni, mbali kushoto au kulia, taa hafifu inayopita kama kitu kimejongea. Pembeni mwa jicho hakusomi wala hakutambui sura ya mtu, lakini kunashtuka upesi sana. Dereva anageuza shingo kabla hajajua kwa nini ameigeuza, na hapo anamwona ng'ombe. Nilijivunia taa zile. Nilikuwa naziita watoto wangu, na Njeri, binti yangu wa kweli, alikuwa ananuna.

Kariuki ndiye alitufundisha barabara. Alikuja ofisini siku kadhaa, akaketi na Muthoni, akamwonyesha kona moja moja kuanzia Karatina hadi Nanyuki. "Hapa ng'ombe hukuja na kushoto," alisema. "Hapa ni watu wa pikipiki. Na hao siku hizi wameharibika, ati mtu anatokea tu hapo kwa mlango, ghafla!" Tulicheka sana. Muthoni aliandika: pikipiki zitokee ghafla.

Kosa langu lilianza polepole mno. Kila nikijaribu somo, naona taa za pembeni ni dhaifu. Nikaziongezea mwanga kidogo. Mwezi uliofuata nikaona bado, nikaongeza. Kisha nikazifanya kubwa. Kisha nikazisogeza ndani kidogo, karibu na usukani. Muthoni akiniuliza, namjibu kwamba kazi ya taa ni yangu na ya kwake ni lami. Ilipofika msimu wa kuchuma kahawa, wakaja madereva wanne wanafunzi kutoka Nanyuki kujaribu. Wa kwanza hakumaliza hata kilomita moja. Aliivua miwani akitokwa na machozi, akatapika kwenye ndoo ya takataka.

"Madam," akaniambia alipopata pumzi, "hizo taa zenu ni za kuchomelea vyuma ama ni nini?"

Wa pili naye hivyo hivyo. Nilipandwa na hasira, nikawaambia wamezoea giza la baa. Walipoondoka Muthoni alifunga mlango. Ni msichana mpole, nimemzidi miaka kumi na miwili, na siku hiyo hakuniogopa.

"Wangari, kaa hapa. Angalia kalenda ukutani. Usigeuze shingo, usigeuze macho. Ukiona mkono yangu, sema."

Nikakaa. Nikaangalia kalenda. Nikangoja, na nikaanza kuchoka kungoja.

"Si uanze basi," nikamwambia.

"Nimeanza kitambo," akasema. Kidole chake kilitokea karibu na pua yangu. Miezi yote ile nilikuwa nawaongezea watu taa, kumbe naongezea macho yangu.

Kliniki ya macho huwa na mabenchi marefu ya mbao, na kila mtu hukaa na kusogea, kukaa na kusogea, mpaka unajua kila msumari. Wanakutia dawa ya kupanua mboni, unabaki huoni hata saa yako, na mwanga wa mlangoni unakuchoma. Kando yangu aliketi cucu mmoja, bibi mzee wa Othaya, mwenye leso ya manjano. Aliniuliza mimi ni wa nani, nikamwambia. Akafungua mfuko wake akanipa nduma ya kuchemsha, nusu yake kabisa. "Kula, hii benchi haina haraka," alisema. Nilikula nikilia. Mpaka leo sijui kwa nini nduma ile ilikuwa tamu namna hiyo.

Kisha nikaitwa kwenye kipimo. Chumba ni cha giza. Unaweka kidevu mahali pake, wanakuziba jicho moja, unaangalia ndani ya bakuli kubwa jeupe. Katikati kuna nukta usiyoruhusiwa kuiacha. Taa ndogo zinawaka pembeni, hapa na pale, na wewe una kitufe mkononi: ukiona taa, bonyeza. Haki ya Mungu, nilitaka kucheka. Ilikuwa kazi yangu mwenyewe imenigeukia.

Sasa sikiliza upumbavu wa mtu aliyesoma. Nilijua taa kama hizi hupangwaje. Nilijua zina mwendo wake, zinapumzika kidogo halafu zinakuja. Nikausikiliza ule mwendo, na kila nilipohisi kwamba sasa inafaa kuwe na taa, nilibonyeza. Sikuwa naona kitu, nilikuwa nabonyeza tu kwa ujuzi. Nilitaka karatasi itoke safi ili nirudi kazini na mdomo wangu.

Sista, yule muuguzi aliyenipima, aliisoma karatasi, akaniangalia kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Mama Njeri, hii mashine si mjinga. Kuna wakati inanyamaza makusudi, na wewe unabonyeza tu. Sasa unamdanganya nani? Mimi niko na macho yangu."

Akaniambia nirudie. Nikasema nina haraka. Nikaondoka na chupa moja ya dawa ya matone na miadi ya baadaye, na miadi ile sikuitimiza.

Ndiyo sababu wakati wangu nauhesabu kwa chupa. Chupa ya kwanza ilikuwa ya kiangazi cha Januari, niliitia siku nikikumbuka na siku nyingine nikaisahau. Ya pili ilikwisha mvua ndefu zikianza. Dawa inauma, macho yanakuwa mekundu kama ya mpika pombe ya chang'aa, ngozi chini ya jicho inakuwa nyeusi. Lakini kope! Kope zangu zilirefuka, zikajikunja, mpaka akina mama kanisani wakaniuliza ninazibandika wapi. Muthoni alisema yeye angekubali ugonjwa huo kwa kope peke yake, kisha akaziba mdomo kwa aibu. Nilimsamehe. Nilikuwa nazitazama kwenye kioo, nzuri kabisa, zikipamba dirisha linalofungwa.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Usidhani unaona giza. Hilo ndilo lililonidanganya, na ndilo litakalomdanganya ndugu yako. Huoni weusi popote. Kilichokosekana macho yanakijaza kwa kile kilicho jirani: mahali pa mtu unaona ukuta, mahali pa mlango wa kabati uliofunguka unaona hewa. Kisha kabati linakupiga kipaji cha uso. Nyumba yangu ya vyumba vitatu ikawa na pembe mpya kila siku. Nilikuwa natembea kama mtu aliyefungiwa ndani ya bomba la maji, naona vizuri kule mwisho, hata herufi ndogo nazisoma, lakini siwezi kunyoosha mkono nikajua utagusa nini. Mjini niliacha kwenda. Watu walikuwa wananitokea. Nikianza kuvuka barabara moyo unanienda mbio, nikirudi ndani nasikia nimezikwa. Baba Njeri, mume wangu, ni mwalimu na mtu wa utaratibu. Alichoka na vikombe vilivyovunjika. "Unatembea kama mlevi," aliniambia siku moja mbele ya mtoto, na mimi nikamjibu maneno ambayo sitayaandika. Tulikaa wiki nzima tukiongea kupitia Njeri.

Baridi ya Julai ilinikuta kwenye chupa ya tano. Asubuhi moja nilikuwa napakua uji. Njeri alikuwa amesimama kando ya kiwiko changu cha kushoto, kimya, akishika kikombe chake, kama alivyofundishwa. Niligeuka na sufuria. Sikumwona mwanangu. Ninachokumbuka ni sauti yake na harufu ya uji juu ya sweta ya shule.

Mungu alinihurumia, ile sweta ilikuwa nzito. Mkono uliungua kidogo juu ya kifundo, ngozi ikabadilika rangi, sasa imepona. Lakini alivyolia hakusema nimemchoma. Alisema, "Mami, nilikuwa hapa. Nilikuwa tu hapa." Maneno hayo yalinimaliza. Siku ile ile nilirudi kwenye kliniki bila miadi, nikamwambia sista, "Nipime. Leo sitadanganya."

Kile kipimo cha kweli ndicho kigumu kuliko upasuaji, nakuambia. Unakaa gizani, kitufe mkononi, na hubonyezi. Unajua taa zinapita. Unajua zinawaka, kwa sababu kazi yako ndiyo hiyo, na hubonyezi kwa kuwa huoni. Nilitokwa na machozi kwenye ile sehemu ya kidevu, na sista akaipangusa bila kusema kitu. Karatasi ilitoka na weusi mwingi. Jicho la kushoto lilikuwa limebaki tundu dogo. La kulia lilikuwa limeliwa ukingo mzima upande mmoja na nusu ya upande wa pili.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. "Iliyoenda haitarudi, mama. Iliyobaki tunaweza kuilinda, lakini matone peke yake hayatoshi. Tufanye operesheni." Kisha akaniuliza mama yangu anaonaje, na babu alionaje, na ndugu ni wangapi.

"Niko na ndugu mmoja. Ni dereva wa lori."

Aliweka kalamu chini. "Mlete. Asikuje na lori."

Nilikaa na maneno hayo mpaka Agosti ikaisha. Najua ndugu yangu. Ni mkubwa wangu kwa mwaka mmoja na nusu, ni mcheshi, ana kifua kipana, na lori lile ndilo jina lake. Hata sokoni Wang'uru hawamwiti Kariuki, wanamwita kwa rangi ya lori. Mwishowe nilimwambia kwa mama, Tetu, siku ya Jumapili, tukiwa tumemzunguka mama jikoni.

"Ati nini?" akasema. "Mimi? Mimi naona siafu ikiwa Karatina. Simama pale kwa ng'ombe, shika gazeti, nikusomee."

"Si mbele, Kariuki. Ni pembeni."

"Pembeni nani anaendesha? Lori inaenda mbele." Akacheka, lakini hakuna aliyecheka naye, kisha akakasirika. "Wewe unaugua, pole. Lakini usinivute na mimi. Nikiandikwa hospitali, mwenye lori atanitoa siku hiyo hiyo. Unataka tukae wote hapa na Mami tukishikana mikono?"

"Na kioo cha kando?" nikamuuliza. Nilikuwa nimekiona mlangoni pa lori, kimefungwa kwa utepe wa gundi.

"Hicho ni mtu wa pikipiki, pale Karatina. Alitokea tu! Akaanguka kwa mtaro na hakuumia hata. Nilimtukana mpaka akaniomba msamaha yeye."

Mama alikuwa anatoa maharagwe kwenye maganda, kwa vidole, bila kuinua uso. "Wacheni," alisema. "Mwache ndugu yako, Wangari." Nilimkasirikia mama siku hiyo kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Kariuki aliondoka bila kunywa chai, na tangu siku ile hakupiga simu. Kila habari ya ajali iliyosomwa redioni niliiongeza sauti, nikangoja rangi ya lori.

Nilipasuliwa jicho la kulia mwanzo wa mvua za vuli. Walinifungulia mfereji mdogo wa kutoa maji yanayosukuma. Sitakutisha: hauumi kama unavyodhani. Kinachouma ni kukaa. Usiiname. Usibebe. Usioshe uso. Usilale upande ule. Usipige chafya, kana kwamba chafya huomba ruhusa. Nilikuwa nimefungwa jicho zuri kwa kitambaa na ngao ya plastiki, nimebaki na lile tundu la kushoto, na mvua inapiga mabati kutwa. Nililala chali nikaona kipande cha dari kinachotosha bakuli. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa mpaka nikasikia kuta zimenisogelea, na mara mbili nilipiga kelele Baba Njeri akaja mbio na kalamu yake ya kusahihishia mkononi.

Mama alikuja kukaa nami majuma mawili. Yeye ndiye alinifundisha nyumba. Aliniambia niguse ukuta kwa mgongo wa mkono, si kwa vidole, ili nisivikwaruze. Aliniambia kila mtu akiingia chumbani aseme jina lake. Njeri akaona ni mchezo, akawa anaingia akitangaza, "Ni mimi Njeri na niko upande wa kushoto!" Alasiri moja mama alisema bila kuulizwa, "Siku ile sikukuambia umwache kwa sababu hana ugonjwa. Nilisema hivyo kwa sababu sauti yake ilikuwa ya baba yangu. Yeye pia alikuwa anakasirika hivyo, ukimwambia hakumwona mtu." Nikamshika mkono. Hasira yangu ya Tetu iliishia hapo.

Ngao ilipotolewa, presha ilikuwa imeshuka. Jicho lilikuwa limesimama pale lilipokuwa. Mtu mzima hufurahia kitu hicho kama mtoto: sijapata kitu, ila sijapoteza zaidi.

Nilirudi kazini na ile karatasi ya kipimo yenye weusi. Nikamwekea Muthoni mezani. "Nataka uniwekee hii ndani ya miwani," nikasema. "Palipo na doa jeusi, futa chochote kinachopita, ujazie barabara juu yake. Usiweke giza." Miwani yetu hufuata mboni ya anayeivaa, kwa hivyo hata akigeuza macho, yale mashimo yanamfuata. Muthoni alifanya kazi hiyo siku tatu. Niliivaa kuhakikisha, nikaona barabara ya kawaida tu, na tukaangaliana tukajua imekamilika.

Baba Njeri ndiye aliivaa kwanza. Tulimpa barabara ya kawaida, kisha Muthoni akabadilisha. Hakuendesha hata dakika moja. Aliivua, akatoka akasimama kwenye ngazi, akarudi macho yamelowa. "Mama Njeri," akasema, "ulikuwa unapika na hii?" Akaniomba msamaha pale pale mbele ya Muthoni, kwa ajili ya neno lile la mlevi. Mwalimu kuomba msamaha ni jambo la kuandikwa.

Basi nikampigia Kariuki. Ilikuwa wakati wa mavuno ya mchele, nilijua atapitia mjini. Nikamdanganya, na sijutii. Nilimwambia somo la madereva limekwama, Muthoni anahitaji dakika kumi za mtu anayejua barabara.

Alikuja asubuhi, akaegesha lori mbele ya duka la vitambaa likiwa limejaa magunia, akapanda ngazi akipiga mluzi. Tulipoonana tulisalimiana kama watu wa ofisi. Kisha nikamwambia ukweli nusu: "Nataka uone vile mimi naona. Baba Njeri ameshajaribu. Hilo tu. Sitakuambia habari ya hospitali."

Akakubali. Nadhani alikuwa amenikosa pia.

Tulianza na barabara ya kawaida, ya macho mazima. Aliendesha akitabasamu. Kwenye kona ya ng'ombe, tukitazama kwenye skrini ya Muthoni, taa ya kushoto iliwaka, ikawaka tena. Hakugeuza shingo. Ng'ombe alitokea, miwani ikapiga kengele.

"Hiyo mmeitoa wapi?" akacheka. "Ng'ombe ya kuruka!"

Muthoni aliniangalia. Nikamwashiria abadilishe. Akabonyeza. Kariuki akaendelea kuendesha, akapita soko, akapita daraja, mabega yametulia.

"Haya," akasema, "weka sasa hiyo yako. Niko na haraka, mchele inangojwa Nanyuki."

Nilishindwa kufungua mdomo, mimi mwenye mdomo.

"Tumeiweka, Kariuki," Muthoni akasema.

"Lini?"

"Kitambo. Tangu ile ng'ombe."

Aliondoa mguu pale anapokanyaga. Barabara ikasimama. Alikaa na ile miwani usoni, na hatukumgusa. "Mbona ni ile ile?" akauliza. Kisha kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Baba Njeri aliona tofauti?"

"Aliona. Hakumaliza dakika."

Aliivua polepole akaishika magotini. "Yule wa pikipiki," akasema, "hakutokea ghafla." Alikuwa anaongea na sakafu. "Alikuwa hapo tu. Na mimi nikamtukana mpaka mama yake."

Nikamkumbatia. Tulilia wote wawili, na Muthoni akatoka akajifanya anatafuta maji.

Kliniki si mbali, tulitembea. Kwenye benchi nilimpa nduma niliyokuwa nimebeba, kwa maana sasa siendi pale bila nduma. Alipoitwa nilimshika koti. "Usijitie ujanja mle ndani. Usipoona, usibonyeze. Hata ikikaa kimya kiasi gani." Mlango ulifungwa, nikabaki nje nikisikiliza kitufe. Kililia mara chache, kikakaa, kikakaa sana, kikalia. Ndugu yangu hakudanganya.

Ugonjwa wake umekula kushoto zaidi, lakini daktari alisema jicho moja bado lina mengi ya kuokolewa, kuliko langu lilivyokuwa. Akampa chupa ya kwanza. Akamwambia kuendesha kumekwisha, kuanzia saa hiyo. Kariuki aliitikia kwa kichwa kila neno, kama mtoto anayetumwa dukani.

Tulipotoka nje alisimama kwenye jua, akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za lori akaninyooshea. "Peleka wewe," akasema. Nikazipokea. Kisha tukaangaliana. Magunia ya watu yanangoja Nanyuki, na hapo tumesimama watoto wawili wa mama mmoja, hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kugusa usukani. Tulicheka mpaka mlinzi wa kliniki akaja kuuliza kama tuko sawa.

Alimpigia mwenye lori simu mwenyewe, palepale, hakunipa mimi. Maneno aliyojibiwa nayajua nusu, uso wake ulinionyesha mengine. Ziko habari za kazi ambazo bado hatujazimaliza, na siwezi kukudanganya kwamba zimekwisha vizuri. Lakini yuko hai, na wote waliopita kando yake siku ile wako hai.

Ilibidi turudi kungoja karibu na lori mpaka atumwe dereva mwingine. Tulipita katikati ya mji saa sita, wakati watu wamejaa. Nilimshika mkono. Yeye akawa anageuza shingo kushoto, mimi kulia, polepole, na kila tuliyemwona tukamsalimia, tunayemjua na tusiyemjua, wauza ndizi, askari wa kanjo wa kaunti, watoto wa shule. Mama mmoja mwenye kikapu alisimama akatutazama wote wawili.

"Mũrĩ ega," akatujulia hali, "na nyinyi ni wa kanisa gani?"

"Sisi ni watu wa Tetu," Kariuki akamjibu, na bado macho yake yalikuwa mekundu. "Kwetu tunasalimia."